Je, Mungu Anachoka Kunisamehe?



Wapendwa vijana, kwenye semina za Kwaresima kuna swali ambalo huwa linaulizwa karibu kila mara, na halijawahi kuulizwa kwa kunyoosha mkono. Linakuja kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne, bila jina. Au linakuja kwa meseji saa tano usiku, wakati wenzako wote wa chumbani wamelala. Maneno yanatofautiana lakini kiini ni kimoja: dhambi ninayoungama ni ile ile, nimeiungama mpaka naona aibu, sasa nimeacha kwenda maana naona kama namdhihaki Mungu. Hivi Mungu hachoki?

Wapo wanaofika mbali zaidi. Hawaulizi tena. Wanasema tu, "Mimi nimeshaharibika, niombeeni." Na mtu anayesema hivyo utamkuta Jumapili kanisani, tena kwaya anaimba, lakini wakati wa Komunyo anajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo chini ya benchi. Huyu ndiye ninayemwandikia leo. Wale wengine mnaweza kusoma, si mbaya, lakini barua hii ina mwenyewe.

Tuanze na neno lenyewe, maana nadhani nusu ya tatizo iko hapo. Sisi tukisema "kutubu", wengi tunafikiria kujisikia vibaya. Kulia. Kujipiga kifua. Tunafikiri aliyetubu sana ni yule aliyeumia sana. Lakini hilo siyo kutubu, hilo ni kujuta. Kujuta ni kuzuri, tena kunahitajika, ila ni mlango tu. Neno "toba" tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kurudi. Kiebrania cha manabii nacho kinatumia neno lenye maana hiyo hiyo, kugeuka na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo aliyetubu ni yule aliyerudi nyumbani, hata kama machozi yake yalikuwa matatu tu.

Sasa fungua Injili uangalie usiku ule wa Alhamisi Kuu. Mitume wawili walianguka usiku mmoja. Yuda alimuuza Bwana kwa vipande thelathini vya fedha. Petro alimkana mara tatu, tena mara ya mwisho kwa kuapa na kujilaani. Huwa tunasema dhambi ya Yuda ilikuwa kubwa kuliko ya Petro, na labda ni kweli, lakini tusimpunguzie Petro makali. Huyu ndiye aliyekuwa ameapa mbele ya wenzake kwamba hata wote wakikimbia yeye atabaki. Halafu akatishwa na kijakazi mlangoni! Yaani siyo askari, siyo Pilato. Kijakazi.

Na wote wawili walijuta. Hapa ndipo watu wengi hawaangalii vizuri. Mathayo sura ya 27 anasema wazi kwamba Yuda alipoona Yesu amehukumiwa alijuta. Alizirudisha zile fedha. Alikiri kwa mdomo wake kwamba ametenda dhambi na kwamba mtu yule hakuwa na hatia. Hebu hesabu mwenyewe: ana majuto, amekiri, amerudisha mali. Ukiangalia kwa nje, Yuda amefanya mengi kuliko Petro, ambaye yeye alitoka nje akalia, basi. Kilichopungua kwa Yuda ni kimoja. Alikwenda kukiri kwa makuhani ambao walimjibu kwamba hayo hayawahusu, shauri lake mwenyewe. Hakwenda kwa Yesu. Aliibeba dhambi yake akaipeleka kwa watu wasioweza kumwondolea, na walipomfungia mlango akaamini kwamba milango yote imefungwa.

Petro hakuwa na la kujitetea. Lakini Luka anasimulia kwamba jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama. Petro alilia akiwa ametazamwa. Yuda alijuta akiwa peke yake. Ndugu yangu, kama majuto yako yanakufungia chumbani, yanakuzimia simu, yanakuambia usimwone padre wala usisali kwa sababu hustahili, jua kwamba hayo majuto yana mwelekeo wa Yuda, hata kama machozi ni mengi.

Kuna jambo dogo katika Injili ya Yohane ambalo nalipenda sana. Wakati Petro anamkana Yesu, alikuwa anaota moto pamoja na watumishi wa kuhani mkuu, na Yohane anasema ulikuwa moto wa makaa. Baada ya ufufuko, wale mitume wanarudi kutoka kuvua alfajiri, wanafika ufukweni, wanamkuta Yesu amewasha nini? Moto wa makaa. Katika Agano Jipya lote neno hilo la Kigiriki linapatikana sehemu hizo mbili tu. Sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunajua harufu ile inavyokaa kwenye nguo na kwenye kumbukumbu. Yesu hakumpeleka Petro sehemu nyingine mpya ili asahau. Alimwashia moto ule ule, akampikia samaki, akamlisha kwanza, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda. Mara tatu kwa sababu ya zile mara tatu. Akaugusa mle mle mlimooza. Na kila Petro alipojibu, alipewa kazi: chunga kondoo wangu. Hakuambiwa akae kwanza mwaka mmoja chini ya uangalizi.

Sasa najua utasema, "Sawa, huyo ni Petro, ni mambo ya Biblia. Mimi nilichofanya wewe hukijui." Kweli sikijui. Basi nikusimulie habari ya mtu wa karne iliyopita tu, ambaye alichofanya kinajulikana na dunia nzima.

Wengi wetu tunamfahamu Mtakatifu Maria Goretti. Kuna shule zenye jina lake, kuna mabinti wengi wamebatizwa kwa jina lake, na sikukuu yake ni tarehe 6 Julai. Alizaliwa mwaka 1890 huko Corinaldo, Italia, katika familia maskini ya wakulima. Umaskini uliwahamisha mpaka sehemu ya mabwawa karibu na mji wa Nettuno, na huko baba yake Luigi akafa kwa malaria mwaka 1900. Mama yake, Assunta, akabaki na watoto na shamba la watu wengine. Waliishi nyumba moja na familia nyingine, ya mzee Serenelli na kijana wake Alessandro.

Tarehe 5 Julai 1902, watu wazima wakiwa nje kwenye kazi ya shamba, Alessandro aliyekuwa na umri wa miaka 20 alijaribu kumbaka Maria. Maria alikuwa na miaka 11. Alikataa, akapiga kelele, akamwambia ni dhambi. Alessandro akamchoma kwa silaha yenye ncha kali mara 14. Maria alifariki kesho yake hospitalini, na kabla ya kufa alisema anamsamehe Alessandro na anataka awe naye mbinguni.

Hapa niweke neno pembeni kidogo, kwa sababu kuna namna ya kuisimulia habari hii ambayo imewaumiza mabinti wengi, na mimi sitaki kuirudia. Kuna wahubiri wanaoisimulia kana kwamba binti aliyebakwa amepoteza utakatifu wake, au kana kwamba ni bora afe. Hapana. Mtakatifu Augustino aliandika jambo hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu, akitetea wanawake waliotendewa unyama Roma ilipovamiwa: usafi wa moyo hauwezi kuondolewa na dhambi ya mtu mwingine. Dada yangu, kama ulitendewa, huna cha kutubu katika hilo. Usikipeleke kwenye maungamo kama dhambi yako. Kipeleke kwa mtu unayemwamini, kwa mlezi, kwa polisi kama inawezekana, na katika sala kama jeraha. Na kumsamehe aliyekutendea, siku utakapoweza, hakumaanishi kurudi kukaa naye nyumba moja wala kumficha asifike mahakamani. Alessandro alisamehewa na Maria na bado alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Mambo hayo mawili hayapingani.

Tuendelee. Hapa ndipo ningependa usome taratibu.

Alessandro hakutubu aliposikia kwamba Maria amemsamehe. Hakutubu mahakamani. Aliingia gerezani akiwa mkaidi na akakaa hivyo miaka. Msamaha ulikuwa umeshatolewa, upo, umetamkwa na mtoto anayekufa, na mwenye kusamehewa hautaki. Baada ya miaka kadhaa ndipo alipoota ndoto: Maria bustanini, akichuma maua meupe na kumpa yeye. Askofu Giovanni Blandini wa Noto alikuwa amemtembelea gerezani, na baada ya ile ndoto Alessandro alimwandikia akimshukuru na kueleza majuto yake. Tangu hapo akawa mtu mwingine, taratibu. Alitolewa mwaka 1929 akiwa ametumikia miaka 27.

Ukiwa na miaka 47, umetoka jela, kila mtu anajua ulimuua mtoto, unafanya nini? Alifanya vibarua. Kisha mwaka 1934, wakati wa Noeli, alikwenda Corinaldo alikokuwa anaishi mama Assunta, akifanya kazi nyumbani kwa paroko. Akagonga mlango, akamwomba msamaha. Yule mama akamjibu, kwa maneno yangu mimi, kwamba kama Maria alimsamehe na Mungu amemsamehe, yeye ni nani amkatalie. Na katika Misa ya Noeli wakapokea Komunyo wakiwa pamoja.

Mimi kila nikifikiria hiyo Misa huwa najaribu kukaa kwenye benchi la nyuma, nikiwaangalia waumini wengine wa kijiji kile. Sidhani wote walifurahi. Lazima kuna aliyenong'ona. Lazima kuna mama aliyemvuta binti yake karibu, na wala simlaumu. Huruma ya Mungu ikitokea hadharani huwa haipendezi macho ya kila mtu, kama vile kaka mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu alivyobaki nje ya sherehe. Lakini Assunta, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wote, ndiye aliyesogea pembeni akampa nafasi.

Tarehe 24 Juni 1950 Papa Pio wa Kumi na Mbili alimtangaza Maria Goretti kuwa mtakatifu, na mama yake alikuwepo, akiwa hai, akiona. Alessandro naye alimalizia maisha kwa ndugu Wakapuchini, akiwa mtunza bustani na mwangalizi wa mlango, akafa mwaka 1970 huko Macerata. Mwaka 1961 alikuwa ameacha barua kwa ajili ya vijana. Ndani yake anasema ujanani alifuata njia mbaya, na analaumu machapisho machafu, maonyesho na mifano mibaya ya vijana wenzake, ambavyo alivifuata bila kufikiri. Wakati huo hapakuwa na simu, hapakuwa na intaneti. Ni magazeti tu. Wewe mwenye bando la usiku mzima ujiongeze.

Kwa nini nimekuchosha na habari ndefu hivi? Kwa sababu ya mpangilio wake. Sisi tunadhani Mungu yuko juu amekunja uso, tunatubu, tunatubu, mpaka tukifikisha kiwango fulani cha majuto ndipo uso unalegea. Kumbe katika habari hii msamaha ulitangulia kwa miaka. Ulimkuta Alessandro akiwa bado na damu mikononi, ukamfuata gerezani, ukamsubiri akiwa mkaidi. Toba yake haikuuzalisha msamaha. Ilimfungulia mlango tu. Paulo anawaambia Warumi jambo hilo hilo: Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi. Hakusubiri tuwe na unafuu.

Papa Fransisko alikuwa anapenda kusimulia lililompata yeye mwenyewe. Tarehe 21 Septemba 1953, sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, akiwa hajafikisha miaka 17, alipita kanisani huko Buenos Aires na akasikia hamu ya kuungama. Alimkuta padre asiyemfahamu. Alivyotoka pale alijua kwamba anataka kuwa padre. Alichokielezea ni kwamba alihisi kuna aliyekuwa anamsubiri, tangu muda mrefu. Na Jumapili yake ya kwanza ya Malaika wa Bwana akiwa Papa, tarehe 17 Machi 2013, ndipo alipotuambia kwamba Mungu hachoki kusamehe. Sisi ndio tunaochoka kuomba msamaha. Basi swali la kile kikaratasi lilishajibiwa na Papa.

Lakini najua halijaisha. Maana bado kuna lile la dhambi ile ile.

Kijana mmoja aliniambia, "Mimi nikiwa naungama, kichwani najua kabisa kwamba wiki mbili hazitapita. Sasa si ni uongo huo?" Nikamwambia, kukusudia siyo kutabiri. Tunaposema "nakusudia kutokosa tena" hatutoi ahadi ya mganga wa nyota. Tunasema hivi: leo, kwa nia yangu yote, sitaki dhambi hii, na nitafanya ninachoweza. Woga kwamba utaanguka tena ni kujijua tu, na kujijua siyo dhambi. Mwaka 1996 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimwandikia Kardinali Baum wa Idara ya Toba ya Kitume akisema jambo hili wazi: mtu anaweza akaona kwamba huenda ataanguka tena, na bado kusudi lake likawa la kweli, mradi woga huo unaambatana na nia thabiti, ikisaidiwa na sala, ya kufanya kinachowezekana ili kuepuka dhambi.

Kufanya kinachowezekana. Hapo sasa tusidanganyane.

Kuna tofauti kati ya mtu anayeanguka akiwa anapigana na mtu aliyeingia mkataba na dhambi, halafu anakuja maungamo kuihuisha kama mtu anayelipia king'amuzi. Kama tatizo lako ni picha chafu na simu inalala chini ya mto wako kila siku, kaka, hujapigana. Iache sebuleni, nunua saa ya kengele ya bei rahisi. Kama ni kubeti, futa ile programu, na ikibidi mpe ndugu yako akutunzie hela ya mshahara mwezi wa kwanza, hata kama inakudhalilisha. Kama ni kulala geto kwa mpenzi wako na mnasema "tutakaa tu tunaangalia muvi", wote wawili mnajua muvi hiyo inavyoisha. Na kama mmeshaanza kuishi pamoja bila ndoa, mna mtoto, msikae nyuma kanisani miaka kumi mkiona aibu. Nendeni kwa paroko pamoja, mzungumze kuhusu kufunga ndoa au namna ya kuishi ukweli wenu. Mapadre wanakutana na jambo hilo kila wiki, hamtamshangaza.

Na kama ulichukua cha mtu, rudisha. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake hakutoa hotuba ya hisia. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mimi napenda toba yenye hesabu namna hii. Mweka hazina wa jumuiya aliyekula michango ya msiba hajamaliza kazi kwa kusema "Baba Yetu" tano. Kama hela hana zote, aanze na elfu kumi. Kama anaogopa kufahamika, amuulize padre njia ya kurudisha bila jina lake kutajwa. Njia hizo zipo. Na usiku wake wa kwanza baada ya kurudisha, atalala.

Kuna jingine ambalo lazima niliseme, maana nimeona watu wanalibeba miaka na miaka bila sababu. Ni utoaji mimba. Bado kuna mabinti wanaoamini kwamba dhambi hiyo ni lazima iende mpaka kwa askofu, na kwa kuwa hawajui waanzie wapi wakamwone askofu, wameamua tu kuishi bila sakramenti. Jueni kwamba Papa Fransisko, katika barua yake ya tarehe 20 Novemba 2016 ya kufunga Mwaka wa Huruma, aliwapa mapadre wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo wale wanaotubu. Padre wako wa parokia anaweza. Yule mgeni aliyekuja kusaidia maungamo ya Kwaresima anaweza. Alieleza pia kwamba ni dhambi nzito, maana inamaliza uhai wa asiye na hatia. Lakini hakuna dhambi ambayo huruma ya Mungu haiwezi kuifikia na kuiondoa pale inapokuta moyo uliotubu. Na hili siyo la mabinti peke yao. Kaka uliyetoa hela, uliyesema "sijui, we utajua mwenyewe" halafu ukabadilisha namba, na wewe kuna nafasi yako kwenye foleni.

Tuje kwenye hiyo foleni yenyewe, maana wengi hawashindwi na toba, wanashindwa na hatua ishirini kutoka benchini mpaka kitini.

Unaogopa padre atakukumbuka? Siri ya maungamo haivunjwi. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inamkataza padre kumsaliti aliyeungama kwa neno au kwa namna yoyote ile, kwa sababu yoyote ile. Hawezi kumwambia mama yako, hawezi kumwambia askofu, hawezi kukugusia kwenye homilia. Hata wewe mwenyewe ukikutana naye nje hawezi kuanzisha mazungumzo ya jambo lile. Na bado kama unaona aibu sana kwa paroko wako, nenda parokia nyingine. Siyo dhambi. Fransisko mwenyewe kwa padre asiyemjua ndiko alikoitwa.

Umesahau namna ya kuungama? Sema umesahau. "Padre, sijaungama tangu Kipaimara, naomba unisaidie." Sentensi hiyo peke yake inatosha kuanzia, na padre mzuri akisikia hivyo anafurahi kuliko kuungamisha watu hamsini wa kila wiki. Dhambi kubwa zitaje kwa aina na kwa idadi kadiri unavyokumbuka, kwa kifupi, bila hadithi. Usitaje dhambi za shemeji yako, ni zako tu. Kama unaandika, andika kwenye karatasi uichane baadaye. Usiandike kwenye simu, utaisahau mle siku mdogo wako anaazima kucheza gemu. Ukisahau dhambi fulani kwa bahati mbaya, imesamehewa pamoja na nyingine. Kama ni nzito itaje mara nyingine. Ukiificha kwa makusudi, hapo ndipo unajiharibia kila kitu, maana umekwenda kwa daktari ukaonyesha goti ilhali kinachouma ni kifua.

Inawezekana usijisikie chochote ukitoka. Wengine hutoka wakiwa wepesi kama manyoya, wengine hutoka wakiwa wanawaza nauli. Neno la ondoleo halipimwi kwa hisia zako. Padre akisema nakuondolea dhambi zako, zimeondolewa, hata kama moyo wako umechelewa kupata taarifa. Majeraha mengine yatabaki: mazoea, kumbukumbu, watu uliowaumiza ambao hawajawa tayari kukuona. Alessandro alisamehewa akiwa jela na akabaki jela. Lakini mtu anayetumikia kifungo akiwa amesamehewa anaamka asubuhi kwa namna nyingine.

Angalia ratiba ya maungamo kwenye ubao wa matangazo wa parokia yako. Sehemu nyingi ni Jumamosi jioni, na Kwaresima huwa wanaongeza siku. Kama siku zilizopangwa unazikosa kwa sababu ya kazi au chuo, nenda ofisini au mpigie padre umwombe muda, wala usione unasumbua. Fika mapema kidogo, kaa kimya, mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe. Ukiona foleni ni ndefu na miguu inataka kuondoka, tafuta mtu wa kukaa nyuma yako ili uone aibu kutoka. Kitubio utakachopewa kitimize siku hiyo hiyo kabla hujatoka kanisani. Na kesho yake Jumapili, wakati wa Komunyo, kitabu cha nyimbo kiache chini ya benchi. Simama upange mstari na wenzako.